Viwiko Vyote Viwili

Telmo, muuzaji, anaanza na spika.
Mbili, anasema, moja juu, moja chini,
mdundo mzito hadi sakafu inasikia.
Namfasiria mama kwa mikono.
Mama anaitazama sakafu, kisha ananiuliza:
Na hiyo sakafu, yenyewe inanunua ipi?

Nje, mvua ya Januari inaichapa Porto tangu juzi.
Miavuli yetu inachuruzika mlangoni.
Mezani simu tano zimefungwa nyaya
kama mbuzi wa mnadani, kila moja na bei shingoni.

Mama hana papara.
Anaiegemeza ya kwanza kwenye kikombe cha kalamu,
anarudi nyuma hatua mbili, anajiangalia,
anaanza kusimulia kisa cha jirani wa ghorofa ya tatu
aliyesahau kufunga bomba akaenda kanisani.
Kioo chembamba. Kinamkata viwiko.
Sentensi inatoka pembeni, inarudi bila mkia.
Huyu, anasema mama, ana kigugumizi.

Ya pili inamlainisha.
Makunyanzi yote imeyafuta bila kuombwa.
Telmo anachekelea: umerudi usichanani!
Lakini lugha ya mama ina sarufi nyusini,
swali hukaa kwenye paji,
kejeli kwenye kona ya mdomo.
Uso ukipigwa pasi namna hiyo
utani unageuka tusi.
Anaizima kwa kidole kimoja, kama mtu anayebonyeza kunguni.

(Ya tatu sitaisema. Ilichelewa kila kitu,
mkono ulishafika kifuani, picha bado iko kidevuni.)

Miaka kumi na minne amemwandikia dadake, Deolinda,
kiziwi mwenzake, mshona mapazia huko Lyon,
kwa simu ya vitufe, kwa Kireno,
lugha ya shule,
lugha ya rula iliyovishukia viganja vyao
kila vilipoinuka kusema.
Nimefika. Baridi huku. U mzima? Mzima.
Wanawake ambao wakikutana mezani chakula hupoa mara mbili,
kumbe kwa maandishi ni maskini wa kutupwa.

Ya nne.
Viwiko vyote viwili vimo.
Mama hasemi kitu. Anamwomba Telmo aweke kengele,
anaibana simu kwenye mtulinga, anafumba macho.
Duka zima linanyamaza, sijui kwa nini;
kwake halikuwahi kupiga kelele.
Hii inabisha hodi, anasema. Ile ya pili ilikuwa inajikuna.

Bei: yuro mia mbili themanini na tisa.
Bahasha ya mama: mia mbili na hamsini,
anazijua noti zake hata zile zilizopinda.
Telmo anataja megapikseli, betri, kumbukumbu,
halafu anakatiza mwenyewe.
Amekuwa akitazama mikono, naona,
si mimi tena, ni mikono.
Anaifungua ile ya maonyesho kwenye waya wake,
ina mkwaruzo mgongoni, urefu wa ukucha.
Mia mbili na arubaini, anasema,
na safari hii anamwambia mama, taratibu, kwa vidole,
mbili, kisha nne, kisha duara la sifuri.

Mkahawani, kando ya dirisha lenye ukungu,
Deolinda anatokea na pini tatu midomoni.
Anazitema.
Wanaanza kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenziwe,
na mimi niliyekuwa mdomo wa mama tangu miaka sita,
benki, hospitalini, kwa mwenye nyumba,
napata neno moja kati ya matano:
bomba, kanisa, marehemu fulani, siagi,
na jina langu la ishara, limepita upesi,
sijui nimesifiwa au nimesengenywa.

Nainama kuuliza.
Mama hageuki. Mkono mmoja unaendelea na habari,
wa pili unanisukuma bega:
Sogea. Unatukinga taa.